Barua kwa mwanangu: kozi ya saa tano usiku

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza ujiunge na Chuo Kikuu Huria, usome ukiwa huko huko nyumbani, uchukue Sheria, au Ualimu wa Kiswahili na Historia, na ipi itakulipa zaidi huko mbele. La kulipa sina jibu lake. Ninachotaka kujua ni hiki: saa tano usiku, umetoka kazini, mtoto amelala, ni kitabu kipi utakifungua bila kusukumwa? Nimekwambia tangu ukiwa sekondari, anayesoma peke yake achague kozi kwa hiyo saa tano, siyo kwa jina.

Wewe Huria unaijua kwenye simu. Mimi nilijiandikisha mwaka 2001, miaka saba tu tangu kipokee wanafunzi wa kwanza mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na vijitabu vyangu nilivipakata kwenye basi kutoka Iringa hadi Mafinga ndani ya mfuko wa salfeti. Nilitaka hicho hicho Kiswahili na Historia. Ofisa mmoja akanicheka: "Mwalimu, Kiswahili nani hakijui? Chukua Jiografia, ndiyo yenye uhaba." Fomu ilikuwa mkononi. Nikakikata Kiswahili kwa kalamu mbele yake. Miaka yote hii, nikikumbuka kile kicheko, moyo unanichoma.

Mtihani wa usomaji ramani nikaanguka. Nilikuwa nimekariri kwamba kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zikikaribiana mteremko ni mkali, ila mlima wenyewe nilikuwa siuoni, na wa kumuuliza hayupo hadi wiki ya ana kwa ana. Ndipo tukaenda mimi na wewe kuchota udongo kwenye kinyungu, kile kishamba cha bondeni cha bibi yako. Ulikuwa na miaka saba. Tukafinyanga kilima, upande mmoja umesimama, mwingine umelala. Tukapitisha sindano ya kufumia kutoka kileleni hadi chini ili tusipoteze katikati, tukakikata kwa uzi, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka nikalizungushia penseli juu ya karatasi ile ile. Ulipoondoa kipande cha mwisho ukasema, "Mama, huku mistari imebanana!" Nikaiona. Mbele ya chemli, mikono imejaa tope, nikauona mlima kwenye karatasi. Mtihani wa marudio nilifaulu.

Sasa najipinga mwenyewe. Jiografia sikuipenda, na ndiyo iliyonipa usiku ule, ambao siubadilishi na shahada yenyewe. Labda kozi usiyoitaka nayo hufunguka ukiitafutia udongo wake. Lakini hapana, bado nasema saa tano usiku. Ule usiku ulifunguliwa na wewe, na huyo mjukuu wangu hajatimiza hata mwaka. Hawezi kukukatia kilima.

Kuhusu Sheria, shahada ya Huria ni shahada kamili. Ila ukitaka uwakili, baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na kule unakwenda kuhudhuria mwenyewe. Mwajiri wako atakuachia? Muulize kabla hujalipa hata senti. Ualimu nao una mazoezi ya kufundisha, wiki kadhaa uko darasani. Na usibebe kozi zote kwa mkupuo. Huria wanakuruhusu uende taratibu, nami nisingemaliza kwa njia nyingine.

Hapa nilikuwa nimeandika kozi ninayoiona yako. Nimeikata, mama, na kalamu imenisumbua kweli, maana naijua na ulimi unaniwasha. Nisije nikawa yule ofisa.

Siku hizi fomu mnajaza kwenye simu. Jaza usiku, ukiwa peke yako, mlango umefungwa. Ukishaituma ndipo unipigie, hata kama ni saa nane.

Mama yako