Bega kuuma baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Pole sana dada. Unauliza kwa nini siku ya pili baada ya upasuaji wa matundu madogo bega linakuuma kuliko tumbo lenyewe. Ni gesi hiyo. Daktari hujaza tumbo kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kuona, na inayobaki husumbua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mishipa ya fahamu ya kiwambo hutokea shingoni, kama ya bega, ndiyo maana bega ndilo linalolalamika. Huisha baada ya siku chache. Usilale kutwa, tembea chumbani mara kwa mara, hata hatua 20.

Dawa za maumivu ulizoandikiwa zimeze kwa saa zake, usingoje mpaka uanze kusaga meno, maana yakishapanda ni kazi kuyashusha. Ukitaka kukohoa au kucheka (wageni wana vichekesho siku hizo!), kumbatia mto tumboni. Kuinuka kitandani, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono.

Ila maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, ukapata homa, ukatapika mfululizo au macho yakawa ya manjano, rudi hospitali siku hiyohiyo.