Mshike kwanza ndipo ulipe

Ndugu yangu, umeuliza umchukue yupi kati ya madume wawili wa kondoo aina ya Dorper kwa ajili ya majike wako wekundu wa Kimaasai hapo Kajiado: yule mzito aliyenona, au yule mwepesi kidogo. Mimi naelekea kwa mwepesi, maana unono huficha mengi. Lakini usitoe hela kabla hujamshika.

Mtembeze kwenye ardhi ngumu, umtazame kwa nyuma. Miguu ishuke wima, magoti ya nyuma yasigusane. Dume akipanda, uzito wote hubebwa na miguu hiyo. Ikiwa mibovu, atalemaa kabla msimu haujaisha.

Mfungue mdomo: meno ya chini yakutane na ufizi wa juu, yasiupite wala yasirudi nyuma. Kasoro hiyo hurithiwa.

Sasa korodani, na hapa nakuomba usione haya. Zipapase zote mbili taratibu, kuanzia juu hadi chini kabisa. Ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, na ziteleze ndani ya mfuko wake. Ukigusa kinundu, mwache hata akiuzwa bei ya chini. Pima mzunguko wa mfuko huo kwa tepu ya fundi cherehani. Dume mkomavu aliye chini ya sentimita 30 mimi simnunui.

Umlete nyumbani miezi miwili kabla ya kupandisha. Mbegu huchukua kama wiki 7 kutengenezwa, na homa ya safarini huziharibu.