Jibu: Je, mama analazimika kuwakubali wanahabari?
Ndugu yangu, umeuliza kama dada yako wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, aliyempata mwanawe wa miaka 14 baada ya kupotezana naye akiwa mchanga, analazimika kuzungumza na wanahabari waliopiga kambi langoni. Halazimiki hata kidogo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa.

La muhimu zaidi ni vipimo vya DNA, vya kuthibitisha undugu wa damu, kabla ya lolote kutangazwa. Kumbuka kisa cha Kakamega mwaka 2019: wasichana wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili walikutana kupitia Facebook, wakatangazwa kote kabla majibu hayajatoka, na majibu yalipotoka yalimgusa pia wa tatu, aliyelelewa kama pacha wa mmoja wao. Huyo wa tatu ndiye ninayemfikiria.

Dada yako akiamua kuzungumza, azungumze peke yake, mbali na nyumbani, na akatae kurudia kukumbatiana na mwanawe kwa ajili ya kamera, ombi ambalo, kwa maoni yangu, halina haya.