Mbona binti mfalme hakumbusu chura?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nilimnunulia binti yangu wa miaka 8 kitabu cha hadithi cha mtumba, tumefika kwenye ya chura na binti mfalme, mi nasubiri busu, kumbe yule binti anambamiza chura ukutani, ndo anageuka mwana mfalme na kumuoa!! Mwanangu kanitolea macho, eti mama sasa mbona kapewa mume mzuri na roho yake mbaya hivyo? Nikakosa jibu. Kitabu changu feki au? – Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Kitabu chako kiko sawa kabisa. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walipotoa kitabu chao mwaka 1812 hiyo ndo ilikuwa hadithi ya kwanza na busu halimo, limekuja kuingizwa baadaye na watu wengine. Yule binti alimuahidi chura atakula naye sahani moja na kulala naye ili tu amtolee mpira wake wa dhahabu kisimani, alipoupata akatimua mbio, ni baba yake ndo aliyemlazimisha atimize ahadi, na hata chumbani alimbeba kwa vidole viwili tu. Kwa hiyo mwanao kauliza swali la maana, hapo hakuna aliyekubali sura mbaya ya mwenzake.

Kama unataka aliyeikubali kweli msimulie ya Gawain, mpwa wa Arthur, yule mfalme wa hadithi za kale, ni shairi la Uingereza la karne ya 15. Arthur kapewa mwaka mmoja ajibu wanawake wanataka nini zaidi ya vyote, akishindwa anauawa. Jibu analo Ragnelle, bibi mmoja meno yake kama ya ngiri, moja limeenda juu jingine chini, na bei yake ni kuolewa na Gawain. Gawain akasema sawa, kaoa mbele za watu, na siku ya harusi bibi harusi kala majogoo watatu peke yake anayachana kwa kucha. Usiku Gawain anaombwa na mkewe busu tu, akajibu nitafanya zaidi ya hapo, kugeuka anamkuta binti mrembo ajabu!

Lakini haijaisha. Mkewe akamwambia achague, awe mzuri usiku tu au mchana tu. Gawain akasema chagua mwenyewe, na hapo ndo uchawi ambao Ragnelle alirogwa na mama yake wa kambo ukavunjika wote, maana jibu la lile swali lilikuwa hilohilo, wanawake wanataka wajiamulie wenyewe. Mimi napenda hapa kuliko pale pa busu.

Ila kwa miaka 8 hiyo ya usiku mama ipitie juujuu, mwambie walikuwa wanapiga stori.