Jibu: Mwanangu alifia Iraq, nani awajibishwe?

Shikamoo Mama, na pole sana. Umeuliza kama Tony Blair, waziri mkuu wa wakati wa vita vya Iraq, anaweza kushtakiwa Uingereza kwa vita vilivyomuua mwanao. Kwa njia hiyo mlango umefungwa: mwaka 2006 majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waliamua kwamba kuanzisha vita si kosa la jinai katika sheria za ndani.

Njia nyingine ni madai ya fidia. Angalia kwanza kumbukumbu za uchunguzi wa kifo chake: alikuwa ndani ya gari gani, lina kinga gani? Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliruhusu familia kuendelea na madai dhidi ya Wizara ya Ulinzi kuhusu Snatch Land Rover, magari ya jeshi yenye kinga hafifu. Shida ni muda. Ukomo wa kawaida wa kufungua madai ni miaka 3, na tangu 2021 jaji hawezi kuongeza kupita miaka 6 kwa madai ya operesheni za kijeshi za ng'ambo.

Kisiasa, tumia ripoti ya Chilcot ya 2016, yaani ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraq, iliyosema vita havikuwa njia ya mwisho. Nimewaandikia wazazi barua kwa wabunge. Ya uchungu mtupu hujibiwa kwa rambirambi. Taja aya ya ripoti kwa namba, uliza swali moja, uone. Reg Keys, baba wa askari aliyeuawa, aligombea dhidi ya Blair jimboni Sedgefield mwaka 2005. Alishindwa, lakini Blair alisimama jukwaani akamsikiliza.