Amefungua banda hatua arobaini kutoka kwangu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama lishe Buguruni, mwaka wa kumi na mbili sasa. Asubuhi supu na chapati, mchana wali. Miaka mitano iliyopita nilimchukua mtoto wa dada yangu kutoka Kondoa, ana miaka 17, amefeli kidato cha nne, yuko nyumbani tu. Nikamfundisha kazi yote, kuanzia kuchagua kongoro Vingunguti hadi kumkwepa mteja wa kukopa. Alilala kwangu, alikula kwangu, nywele nilimlipia, kila Idi nilimnunulia nguo. Mwezi wa tatu akaniaga kuwa anahamia kwa rafiki yake. Wiki mbili baadaye namwona kafungua banda hatua arobaini kutoka kwangu, upande ule ule wa barabara! Mimi bakuli 3,000, yeye 2,500. Watu wa gereji wote wamehamia kule, wanasema wanafuata chapati, maana chapati alikuwa anapika yeye. Tangu miguu ianze kunisumbua, mwaka wa pili huu, mimi nafika saa mbili. Kaondoka na sufuria yangu kubwa ile ya shughuli. Wanaolipa kwa simu wanaendelea kutuma kwenye laini yake, kwa kuwa mimi natumia kitochi na tulizoea hela ziingie kwake, jioni ananikabidhi. Juzi kaleta maombi ya kujiunga na kikoba chetu. Mweka hazina ni mimi, nimeyakalia. Nawaza niende serikali ya mtaa aondolewe pale. Pia kuna watu wanakopesha laki tano siku hiyo hiyo, narudisha 175,000 kila wiki kwa wiki nne. Nijenge banda la kisasa, niweke na TV ya mpira, tuone. Nianze na lipi? Mama Supu, Buguruni."

Marahaba, Mama Supu. Pole na miguu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana kuna kitu nilikuwa nakitafuta. Nimeona chakula, nimeona kitanda, nywele, nguo za Idi. Mshahara sijauona. Nikasema labda umesahau kuuandika. Lakini mtu anayekumbuka hatua arobaini, ambazo nina hakika umezihesabu kwa miguu hiyo hiyo inayouma, hasahau mshahara aliolipa miaka mitano.

Najua utakachonijibu. Ni mtoto wa dada yangu, nimempokea hana mbele wala nyuma, nimlipe tena? Nakuelewa, kwa sababu hayo maneno niliwahi kuyasema mimi. Mwaka 1986 nilikuwa Magomeni na mradi wangu. Siku hizo kila mwanamke Dar alikuwa na mradi, maana mshahara wa baba watoto ulikuwa hauoni tarehe kumi. Wangu ulikuwa maandazi na barafu. Alikuwepo binti wa kaka yangu aliyeamka saa tisa usiku kukanda unga. Nikampa doti ya khanga kila Idi, Idi mbili kwa mwaka, miaka minne. Siku alipoondoka hakuaga, na mimi nikatangaza mtaa mzima kuwa mjini kumemharibu. Tulikuja kukutana msibani, miaka imepita mingi, tumekaa mkeka mmoja tunachambua mchele. Akaniambia kwa upole kabisa, "Zile khanga bado ninazo, shangazi. Doti nane." Akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo usinione nakunyooshea kidole. Chukua karatasi tupige hesabu ambayo mimi sikuipiga.

Wasaidizi wa mama lishe hulipwa kwa siku, hilo unalijua kuliko mimi. Tuweke 4,000, ambayo kwa binti anayepika chapati na kufungua banda alfajiri ni ya kumpunja. Siku 26 kwa mwezi, inakuwa 104,000. Mwaka wa kwanza tuufute wote, tuseme alikuwa anajifunza. Inabaki miezi 48, sawa na 4,992,000. Sasa toa nusu nzima kwa ajili ya chumba, chakula, nywele na nguo za Idi. Hata hapo inabaki 2,496,000. Karibu milioni mbili na nusu za mtoto wa dada yako zimekaa ndani ya biashara yako, na nina wasiwasi huyo binti ameshazihesabu, tena zaidi ya mara moja, akiwa kwenye jiko la mkaa na wewe hujafika.

Maana jambo la pili liko hapo kwenye kufika. Mteja wa supu ni wa saa kumi na mbili. Fundi anataka bakuli kabla hajalala chini ya gari, kondakta anataka kabla ruti ya pili haijaanza. Wewe kwa miaka miwili unafika saa mbili, supu imeshuka nusu sufuria. Nani alikuwa anamjua fundi gani hapendi utumbo? Nani alikuwa anajua nani alipe leo na nani aandikwe? Unasema wateja wako wamehamia kwake. Kwa jinsi ninavyoona, wateja walishakuwa wake, na kilichohama ni banda.

Nakubali alivyoondoka hakuondoka vizuri. Kukuambia anahamia kwa rafiki, kumbe ana mbao na turubai tayari, ni kukudanganya, na hatua arobaini zina kiburi ndani yake. Angeweza kwenda Tabata, angeweza kwenda Gongo la Mboto. Siku mkikaa mwambie hivyo na usimung'unye maneno. Ila usiende ukiwa mdaiwa anayejifanya mdai.

Nije kwa serikali ya mtaa. Mama, hapo tafadhali rudisha mguu nyuma. Ukimleta mwenyekiti barabarani kuangalia banda moja, ataona mawili. Wewe na yeye mko kando ya barabara ile ile, na sidhani kama umesahau Oktoba 2021, pale machinga na mama lishe walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara Dar nzima, wenye meza kubwa na wenye ndoo. Mimi nakumbuka hata ya nyuma zaidi. Mwaka 1983 ilipokuja Nguvu Kazi, watu wa biashara ndogo walizolewa mjini kama wazururaji wakapelekwa vijijini kulima. Enzi hizo mlikuwa mnaitwa mama ntilie. Hili la mama lishe lilikuja baadaye, lina heshima zaidi, ingawa sahani ni ile ile. Mgambo akionekana, wa kwanza kumwona alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko ili wenzake wa mbele wafunike. Hata yule uliyegombana naye jana kwa ajili ya maji, ulimpigia. Leo wewe unataka kwenda kumwita mgambo mwenyewe!

Na hayo maombi ya kikoba uliyoyakalia, yatoe leo hii. Kikoba kina katiba, kina wanachama, na mweka hazina kazi yake ni kutunza fedha. Mwanachama mpya anajadiliwa kikaoni. Kama una neno juu yake, liseme kikaoni mbele ya wenzako, wakusikie. Ukianza kutumia sanduku la wanawake ishirini kulipia kisasi cha chapati, wiki ijayo watakuuliza na mengine umeyakalia mangapi.

Kuhusu mkopo nitakuwa mkali kidogo. Laki tano, unarudisha 175,000 mara nne. Hiyo ni laki saba. Umelipia laki mbili kwa mwezi mmoja, asilimia 40. Gawa kwa siku: 25,000 kila siku, Jumapili usiyouza ikiwemo, kabla hujanunua hata limao. Hukuniandikia unabakiwa na kiasi gani kwa siku tangu gereji nzima ihame, ila jiulize mwenyewe usiku huu ukihesabu vijisenti vyako. Mkopo wa namna hii watu wa mjini wameuita kausha damu, na hawakukosea. Wanaokopesha kihalali wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu. Waombe wakuonyeshe uone sura zao zinavyobadilika. Wiki ya tatu watakuja kubeba hiyo TV, na mechi haijaisha.

Halafu TV ya nini? Mtu wa supu anakaa dakika kumi na tano. Ukimwekea mpira atakaa saa nzima na bakuli moja, amekalia nafasi ya watu watatu. Banda lako halikosi TV, linakosa chapati.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana naona dawa yako iko kwa huyo huyo unayetaka aondolewe. Chapati zinatoka kwake. Supu inatoka kwako: wewe ndiye mwenye miaka kumi na mbili ya kujuana na watu wa machinjioni Vingunguti, unayewekewa kongoro zuri kabla soko halijachangamka, na unayejua kulichemsha mpaka mchuzi ushike mdomo. Yeye kwa 2,500, na bei ya nyama ilivyo, ama anapunja kipande ama anakula mtaji bila kujua. Usimfuate huko chini. Ukishuka 2,000 atashuka 1,800, na mtakuwa mnawalipia mafundi kifungua kinywa kwa mifuko yenu. Kaa kwenye 3,000 yako na bakuli lijae.

Mpelekee pendekezo la biashara. Wewe ununue kwake chapati 60 kila asubuhi kwa 400, uuze 500. Unapata 6,000 bila kukanda wala kuinamia jiko kwa miguu hiyo. Yeye anapata 24,000 ya uhakika kila siku, pesa inayoingia kabla hajafungua sufuria. Halafu mnunue kongoro pamoja kwa jina lako na bei yako. Bodaboda mmoja, nauli mnagawana. Mchele na mafuta vivyo hivyo, gunia zima na ndoo nzima, acheni kupimiwa vikombe dukani. Hapo huenda na yeye akaona 2,500 ni utoto, akapanda mwenyewe.

Mkitaka mtaji mkubwa baada ya hapo, ule mnaoweza kuulipa mkalala, kuna fungu la halmashauri: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halina riba. Lilisimamishwa 2023, mwaka uliofuata likarudi. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na hupewi peke yako, mnaenda kama kikundi kilichosajiliwa, watu watano au zaidi. Wewe na binti yako ni wawili tayari. Watatu hamkosi hapo barabarani.

Suala la laini wala halina mjadala. Laini imesajiliwa kwa kidole chake na namba yake ya NIDA, ni yake. Mteja akituma huko amemtumia yeye. Nenda kwa wakala na kitambulisho chako usajiliwe Lipa Namba kwa jina lako, wakuchapie karatasi yenye tarakimu kubwa, uibandike mbele ya banda. Inapokea hata kwenye kitochi. Kama macho hayasomi ujumbe, mwombe mteja akusomee mbele ya mwenzake. Miaka mitano hela za biashara yako zilipita mkononi mwa binti asiyelipwa, na kila jioni alikukabidhi. Hukuandika hata mara moja kwamba zilipungua. Hilo nalo nililitafuta kwa kalamu.

Msaidizi mpya utamhitaji, maana saa kumi na mbili lazima pawe na mtu. Mlipe kila siku, na kila siku aandike kwenye daftari kuwa amepokea. Hata akiwa ndugu. Hasa akiwa ndugu.

Sasa namna ya kwenda. Usimpigie dada yako Kondoa kwanza. Najua kidole kinawasha, lakini ukimwanzia mama yake, jambo la banda mbili litakuwa la koo mbili, na wajomba watataka kikao. Nenda mwenyewe, Jumapili jioni, wote hamuuzi. Usibebe kitenge. Beba ile karatasi ya hesabu na fedha uliyoweza kuipata, hata ikiwa laki moja, umwambie hii ni ya kwanza, na kila mwisho wa mwezi italetwa kiasi gani. Taja kiasi unachokiweza kweli. Akikuambia hataki hela yako, iache mezani uondoke. Akilia, mwache alie. Akikuambia "mama mdogo, mbona umechelewa," usimjibu kuhusu miguu.

Na sufuria usiitaje siku hiyo. Itaje mwezi wa pili, ukipeleka awamu ya pili, tena kwa kumwuliza kama bado anaihitaji.