Ziara ya Mafunzo Ugiriki: Kila Mwanafunzi na Jiwe Lake

Ushauri mkubwa nilionao kwa mwalimu au chama cha wanafunzi kinachoandaa ziara ya mafunzo ya mambo ya kale nchini Ugiriki ni huu: kabla ya safari, mpeni kila mwanafunzi kitu kimoja cha kusimamia. Kiwe jengo, sanamu, kaburi au maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Akisome kwa wiki kadhaa, na mtakapofika mbele ya kitu hicho, yeye ndiye awaeleze wenzake na kujibu maswali yao papo hapo, daftari likiwa limefungwa. Nimesafiri kwa utaratibu huo nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili barani Ulaya, kisha nikasafiri hivyo hivyo nikiwa miongoni mwa waandaaji, na sijaona njia nyingine inayozuia lile jambo linaloharibu ziara nyingi, yaani kundi zima kumfuata mwongozaji mmoja kutwa nzima, kila mtu akipiga picha na kusahau alichoambiwa kabla hajarudi kwenye basi.

Katika kugawa vitu hivyo, msianze na vilivyo maarufu. Kitu kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwenye kalenda humlazimisha mwanafunzi kuuliza maswali yake mwenyewe, kwa sababu hana maneno ya watu wengine ya kuyarudia. Mfano ninaoupenda ni vigae vya kura vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya Agora, uwanja wa kale wa soko na mikutano mjini Athens, ndani ya Stoa ya Attalos, jengo la kale lililojengwa upya kati ya 1952 na 1956 na taasisi iitwayo American School of Classical Studies. Waathene wa karne ya 5 KK walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10 bila kumfungulia mashtaka yoyote. Kila raia alikwaruza jina la mtu anayemtaka aondoke kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, na ilibidi zipatikane kura zisizopungua 6,000. Mwaka 1937 wachimbaji walikuta ndani ya kisima, kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis, kilima cha mahekalu kilicho katikati ya mji, vigae 190 vyenye jina la Themistocles, kiongozi aliyewashinda Waajemi baharini huko Salamis mwaka 480 KK. Wataalamu walipouchunguza mwandiko waligundua kuwa vigae vyote hivyo viliandikwa na watu 14 hivi tu. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu walioandaa kura mapema ili wawagawie wapiga kura. Mwanafunzi aliyepewa vigae hivyo katika kundi letu alieleza jambo hilo akiwa mbele ya kabati la vioo, na mjadala uliofuata kuhusu nani huandika kura na nani huitumbukiza tu uliendelea mpaka chakula cha jioni. Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba demokrasia ya Athens hufundishika vizuri zaidi kwa kigae kuliko kwa nguzo.

Jambo la pili ni kupunguza maeneo. Ratiba nyingi hujaza visiwa, miji na makumbusho mpaka siku nzima inaishia barabarani, ilhali ziara ya siku kumi inatosha kwa Korintho, Mycenae, Epidaurus, Olympia, Delphi na Athens, na hata hapo mtachoka. Krete ningeiacha kwa safari nyingine, kwa kuwa kasri la Knossos lina mjadala wake peke yake: mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans, aliyeanza kulichimba mwaka 1900, alijenga upya sehemu kubwa kwa zege na rangi kufuatana na alivyofikiri lilikuwa, na mwanafunzi anahitaji muda wa kutosha kutenganisha kazi ya Evans na kazi ya Waminoa, watu wa kale wa Krete waliolijenga.

Ninapendelea pia kuigeuza njia ya kawaida. Ndege hutua Athens, na kishawishi ni kupanda Acropolis kesho yake asubuhi. Ninyi pandeni basi mwende moja kwa moja Nafplio, mji mdogo wa pwani ulio mwendo wa kama saa mbili tu, mkisimama Korintho njiani. Kutoka hapo Mycenae na Epidaurus zote ziko chini ya saa moja. Baadaye mtavuka Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, kwenda Olympia, mtapita daraja la Rio-Antirrio lililofunguliwa mwaka 2004, mtapanda milima hadi Delphi, na Athens iwe ya mwisho. Mwanafunzi anayefika kwenye Parthenon, hekalu kuu la Acropolis, kwa njia hii anajua tayari kuwa kabla yake kulikuwa na dunia nyingine iliyokwisha kuinuka na kuanguka, na anaitazama kwa macho yenye maswali.

Mycenae, ngome ya kale ya wafalme, ni mahali pa kukaa muda mrefu. Lango la Simba lilijengwa karibu na mwaka 1250 KK kwa mawe makubwa kiasi kwamba Wagiriki wa baadaye waliamini kuta zile zilijengwa na majitu. Umbali mfupi kutoka ngomeni kuna kaburi la kuba liitwalo Hazina ya Atreus, ambalo jiwe la juu ya mlango wake hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 120. Mwachieni mwanafunzi anayelisimamia kaburi hilo aeleze pembetatu iliyoachwa wazi juu ya jiwe hilo, ambayo kazi yake ni kuuelekeza uzito wa ukuta pembeni ili jiwe lisipasuke. Ndani ya ngome kuna duara la makaburi ambamo Heinrich Schliemann, mwaka 1876, alipata vinyago vya dhahabu, na kimojawapo mpaka leo kinaitwa kinyago cha Agamemnon, mfalme ambaye hadithi husema aliwaongoza Wagiriki katika Vita vya Troy. Kinyago hicho ni cha karne ya 16 KK, yaani kimetangulia kwa takriban karne tatu wakati ambao mapokeo yanaweka Vita vya Troy, na kimelitangulia hata Lango la Simba lenyewe. Makaburi yalikuwepo kwanza, na ukuta ulikuja kupanuliwa baadaye ili uyazungushe. Ukimfundisha mwanafunzi kuona mfuatano huo kwa kusimama tu na kuangalia ukuta unapopita, umempa msingi wa akiolojia. Msisahau mabamba ya udongo yenye maandishi ya kale yaitwayo Linear B, ambayo Michael Ventris aliyafumbua mwaka 1952 na kuonyesha kuwa lugha yake ni Kigiriki. Mabamba hayo hayakuchomwa kwa makusudi. Yaliokwa na moto ulioteketeza makasri, kwa hiyo maafa yale yale yaliyoumaliza utawala ndiyo yaliyotuhifadhia hesabu zake za kondoo, sufu na mafuta.

Epidaurus kila mtu hukimbilia kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza wenye safu 55 za viti, kusikiliza sarafu ikidondoshwa katikati. Wacheni wafanye hivyo, kisha wapelekeni kwenye hekalu la Asklepios, mungu wa tiba, lililo karibu, kwa sababu ukumbi ule ulikuwepo kwa ajili ya hospitali ile. Wagonjwa walilala ndani ya jengo maalumu wakingoja mungu awatokee ndotoni, na habari za waliopona ziliandikwa kwenye mawe ambayo yamepatikana. Olympia nayo haihitaji maelezo mengi: kuna njia ya mbio yenye urefu wa mita 192 hivi, na kuna karakana ambamo mchongaji Pheidias alitengeneza sanamu ya Zeus ya dhahabu na pembe za ndovu, ambapo wachimbaji walipata kikombe kidogo chenye maneno yasemayo kuwa ni mali ya Pheidias.

Kwa wanafunzi wanaotoka kwetu Afrika Mashariki nina neno la pekee. Wengi wao waliijua Korintho na Athene kanisani au katika somo la dini kabla hawajakutana nazo katika historia, na mwandaaji mwenye busara huutumia ujuzi huo badala ya kuuona kuwa hauhusiki. Korintho bado lipo jukwaa la mawe linaloaminika kuwa ndipo Paulo alipopelekwa mbele ya liwali Galio, kama isemavyo Matendo 18. Sasa, huko Delphi vilipatikana vipande vya barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo, na kwa vipande hivyo wataalamu wameweza kukadiria kuwa Paulo alikuwa Korintho karibu na mwaka 51 BK. Mpeni mwanafunzi mmoja jukwaa na mwingine maandishi, waunganishe ushahidi wao mtakapofika Delphi, na kundi zima litaona jinsi jiwe la mahali pamoja linavyoweza kupanga tarehe za mahali pengine. Mjini Athens mwamba wa Areopago uko chini kidogo ya Acropolis, nao umelainishwa na nyayo hata ukawa unateleza vibaya. Pandeni ngazi za chuma. Pia wakumbusheni wanafunzi kwamba maelezo ya kale zaidi tuliyo nayo kuhusu biashara ya pwani yetu, yanayoitaja nchi ya Azania na soko la Rhapta, yaliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, katika mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus ya Bahari ya Erythraea.

Acropolis pandeni mapema lango linapofunguliwa, mkiwa na viatu vyenye soli inayoshika. Tiketi zake hutolewa kwa muda maalumu wa kuingia, hivyo zinunuliwe kabla. Parthenon ilijengwa kuanzia mwaka 447 KK, na michongo yake ilikamilika mwaka 432 KK. Ikawa kanisa, kisha msikiti, na mwaka 1687 ikalipuliwa na kombora la Wavenisi wakati Waosmani walipokuwa wamehifadhi baruti ndani yake. Baadaye watu wa balozi wa Uingereza, Lord Elgin, waliondoa sehemu kubwa ya michongo, nayo ikanunuliwa kwa ajili ya British Museum mwaka 1816. Mkishuka, ingieni Makumbusho ya Acropolis yaliyofunguliwa mwaka 2009. Ghorofa ya juu imegeuzwa ikae sambamba na hekalu lenyewe linaloonekana kupitia vioo, na michongo ya asili imepangwa pamoja na nakala nyeupe za plasta za ile iliyoko London. Sijawahi kupita hapo na wanafunzi bila mjadala kuwaka, na kila mara mtu kutoka kwetu huleta habari ya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambayo ipo Berlin mpaka leo. Mimi naamini michongo ile irudi Athens, na huwaambia hivyo waziwazi, lakini kwanza huwataka wataje hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili.

Kuhusu maandalizi, viza ya Schengen ndiyo inayokwamisha safari nyingi. Maombi huruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari, nanyi msingoje. Ulizeni mapema ni ubalozi gani unaoshughulikia maombi ya nchi yenu, na kila mwanafunzi awe na barua ya chuo, uthibitisho wa anayelipia gharama, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Safirini Aprili au Oktoba. Julai na Agosti joto huwa kali mno, na Acropolis imewahi kufungwa saa za mchana kwa sababu hiyo. Angalieni kalenda pia, kwani maeneo ya kale hufungwa tarehe 25 Machi, 1 Mei na Jumapili ya Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti. Kuongoza watalii nchini Ugiriki ni kazi ya wenye leseni, na mlinzi anaweza kumuuliza mtu anayefundisha kundi, kwa hiyo bebeni barua ya chuo inayoeleza ziara yenu na mwombe kibali mapema. Chakula hakisumbui: supu ya maharage, dengu na mboga za majani kwa mafuta ya zeituni ni rahisi kupatikana na havina nyama, jambo linalowafaa wanafunzi Waislamu wasio na uhakika wa machinjo. Athens ina msikiti rasmi uliofunguliwa mwaka 2020 katika mtaa wa Votanikos.

Wakatazeni kabisa kuokota chochote, hata kigae kidogo njiani. Ni kosa la jinai, na hata kama lisingekuwa kosa, kigae kilichotolewa mahali pake kimepoteza ushahidi wake. Wakatazeni pia kupiga picha wakiwa wamekaa kama sanamu mbele ya sanamu, kwani walinzi huliona jambo hilo kuwa dharau.

Mwisho, kila mmoja awe na daftari na penseli, na achore kitu chake kabla ya kukieleza, hata kama hajui kuchora. Anayechora huona alama za patasi, matundu ya vibano vya chuma, na mahali ambapo jiwe jipya limeunganishwa na la kale katika ukarabati. Mkirudi nyumbani wapeni wiki mbili waandike ripoti fupi juu ya kitu hicho kimoja, yenye mchoro wao na jambo moja ambalo vitabu walivyosoma havikulitaja lakini wao wameliona, na ripoti hizo zihifadhiwe idarani ili wanafunzi wa mwaka unaofuata waanzie hapo.